Mguu wa Kulia: Kwanza Waya, Kisha Kisu

Siku madaktari walipokuja kuniuliza nataka mguu wangu utengenezwe kwa njia gani, hawa ndio waliokuwa kando ya kitanda changu. Wycliffe, kifungua mimba wangu, mchinjaji wa mbuzi huko Kiamaiko. Fanice, mdogo wake, aliyekuwa akifunga biskuti kiwandani. Jairo, ndugu wa marehemu mume wangu Eliakimu, ambaye tangu kaka yake afe ndiye alikuwa mzee wa nyumba yetu. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka kwetu magharibi, na koti lake bado lilikuwa na vumbi la safari. Sista Agripina, muuguzi wa wodi. Daktari Ndolo, mtu wa kisu. Daktari Hiren, mtu wa waya, aliyeletwa kutoka hospitali nyingine. Na kwenye kitanda cha pili Bi Zuhura, mama wa Kiswahili aliyezaliwa mitaa hii hii ya kwetu. Hakuwa ndugu yangu, lakini mishipa yetu iliziba wakati mmoja na tulilala ukuta mmoja, kwa hiyo namhesabu.

Mimi ni Rasoa, wa Shauri Moyo. Wengi wananiita Mama Wycliffe. Naandika haya kwa sababu mpaka leo akina mama hunisimamisha, mwingine anainua rinda kidogo anionyeshe mguu, ananiuliza, "Wewe ulifanyiwa ile gani? Na ipi afadhali?" Mimi si daktari. Shule niliiacha nikiwa mdogo nikalee wadogo zangu. Lakini mguu wangu mmoja umepitia njia zote mbili, waya na kisu, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Ilianza na kusimama. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa nauza nguo kuukuu za watoto Gikomba, na kila asubuhi nilitembea kutoka nyumbani hadi sokoni. Ikaanza kwamba nikitembea kidogo, nyama ya nyuma ya mguu inakaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikisimama, inaachilia. Nikienda, inakaza tena. Sasa mtu mzima utasimama katikati ya barabara bila sababu? Nikawa nasimama mbele ya mafundi wa mabati, najifanya natazama sufuria. Nageuza hii, nagonga ile, mpaka mguu utulie. Fundi mmoja, Mutinda, alinizoea.

"Mama Wycliffe, leo ni sufuria gani hutanunua?"

"Hiyo kubwa."

"Hiyo hukuinunua jana. Chagua nyingine."

Tukacheka. Lakini kufikia baridi ya Julai sikuwa nacheka. Mguu ulikuwa unaniuma hata nimekaa. Kitandani ndiyo mbaya zaidi, nikiulaza unawaka, nikiuning'iniza chini unapata nafuu, mpaka nikawa nalala nimekaa kwenye kiti. Nywele za mguu zikaisha. Ngozi ikawa nyembamba, inang'aa kama karatasi ya peremende. Na baridi! Ungeushika ungesema ni wa maiti.

Sasa mtu akihisi baridi anafanya nini? Sisi tuliolelewa jikoni tunajua jambo moja tu. Nilivuta jiko la makaa, nikaweka mguu karibu, nikaona raha. Sikujua kwamba mguu ule ulikuwa umeacha kuhisi. Fanice ndiye aliingia kutoka kazini akasema, "Mama, ni nini kinanuka?" Tukatazama. Kisigino kilikuwa kimeiva na mimi nimekaa tu nachambua mboga.

Kidonda kile kilikataa kupona. Tulipaka asali, tukapaka mafuta, Jairo akatuma mizizi kutoka nyumbani. Kikawa cheusi pembeni na kati kinachuruzika maji. Hapo ndipo Wycliffe aliponibeba mgongoni mpaka barabarani, akanipeleka hospitali. Tafadhali, wewe unayesoma, kama mguu wako ni wa baridi, vaa soksi. Usiupeleke kwenye moto.

Foleni ya kliniki nadhani kila mtu anaijua. Benchi la mbao, ukitoka umekwisha kukalia nafasi ya watu wote, unasogea, unasogea. Nilichojifunza kwenye lile benchi ni kuwajua wenzangu wa ugonjwa huu bila kuambiwa. Ni wale walioning'iniza mguu mmoja na kuushika goti, wamekunja uso. Wengine walikuwa na mguu mmoja tu.

Daktari Ndolo alikuwa mtu mrefu, mpole wa mikono lakini si wa maneno. Aliweka kidole juu ya wayo wangu akitafuta mapigo, akatafuta nyuma ya goti, akatafuta kwenye paja.

"Mama, unavuta sigara?"

"Navuta. Moto ndani."

Hakuelewa. Yeye ni wa upande mwingine wa nchi, hajui kwamba kwetu mabibi huvuta sigara kwa kuweka upande unaowaka ndani ya mdomo. Nikamwonyesha kwa penseli yake. Sista Agripina, ambaye ni wa kwetu na alikuwa amekuja kunichukua kwenda wodini, alicheka akageukia dirisha. Daktari hakucheka. Alisema, "Hizo ndizo zimekufunga mguu, mama. Leo iwe mwisho." Niliacha siku hiyo. Usiniulize ilikuwaje. Mwili ulikuwa na maumivu mengi, na hilo lilikuwa mojawapo.

Sasa turudi siku ile ya kuulizwa. Daktari Ndolo alieleza kwamba mshipa mkubwa wa paja umeziba, na damu haifiki chini. Alisema kuna njia mbili. Yake inaitwa baipasi. Anachukua mshipa mwingine kutoka ule mguu wa pili ulio mzima, anaushona juu na chini ya mahali palipoziba, damu ipite kando kama gari linavyozunguka barabara mbovu. Daktari Hiren naye akasema kuna njia mpya, haina kukata. Anatoboa tundu dogo kwenye kinena, anapitisha waya mpaka palipoziba, anafungua kwa baluni, kisha anaacha ndani kijibomba cha chuma chenye matundu kama wavu, kishikilie njia. Hiyo aliita stenti.

"Inadumu?" Fanice akauliza.

"Kwa wengine inadumu," Daktari Hiren akasema. "Mahali hapa pa paja, mara nyingine inaziba tena. Sitawadanganya."

"Na yako?" akamgeukia Daktari Ndolo.

"Yangu ni kazi kubwa. Ikishika, huwa inashika zaidi. Lakini kuna vidonda, kuna kulala sana, na mama si msichana."

Jairo, kofia mikononi, akasema, "Huu mguu mzima una kosa gani mpaka uchanwe? Mnaharibu kizuri mtengeneze kibaya?"

Wycliffe, mtu anayechuna mbuzi tangu alfajiri, siku hiyo alikuwa anatazama dari, kwa sababu kisigino changu kilikuwa wazi.

Nami nilikuwa namtazama Bi Zuhura. Yeye Daktari Ndolo alikuwa amemfanyia baipasi wiki iliyopita. Mguu wake ulikuwa umeshonwa kutoka kinena mpaka chini ya goti kwa uzi mweusi, na mguu wa pili umeshonwa vilevile mahali mshipa ulipotolewa. Miguu yote miwili imevimba kama magunia ya viazi. Akitaka kugeuka alikuwa anaita majina ya watoto wake wote.

Aliona namtazama. "Shoga, usinitazame mimi ukaamua. Mimi ni kipande cha nguo kwa fundi sasa hivi, sijakuwa gauni."

Lakini niliamua kwa kumtazama yeye. Nikasema, "Waya."

Wote walikubali. Jairo hata akashukuru Mungu kwa sauti.

Waya wenyewe si jambo la kutisha. Unalazwa macho wazi. Wanakuganzisha kinena tu. Wakipitisha ile dawa ya kupigia picha unahisi joto linateremka mwili mzima, mpaka unadhani umejikojolea, na hujajikojolea. Baluni ikifunguka kuna uchungu mmoja mzito, halafu unaondoka. Baada ya hapo unawekewa kifuko cha mchanga kwenye kinena na kuambiwa usikunje mguu. Na jioni hiyo hiyo, wapendwa, mguu wangu ulipata joto. Kifuko kilipoondolewa, Sista Agripina alishika vidole vyangu akasema, "Mama, hebu ujishike mwenyewe." Nilijishika. Nililia kwa ajili ya vidole vyangu kama mtu aliyekutana na wanawe.

Nilitoka hospitali nikimwacha Bi Zuhura palepale kitandani. Nikaona aibu kuaga nikiwa nimesimama. Kidonda cha kisigino kikaanza kufunga. Mvua fupi ilipokuja nilikuwa nimerudi Gikomba, napita kwa Mutinda bila kusimama, naye anapiga kelele, "Sufuria zimekukosea nini?" Niliwaambia watu wote, waya, waya, waya. Kuna mama mmoja, Berita, jirani yangu wa mlango wa tatu, nilimshauri hivyo hivyo.

Haikufika mvua ndefu. Asubuhi moja nilikuwa nafunga nguo kwenye gunia, mguu ukafa. Sijui niseme vipi vinginevyo. Haukuanza polepole kama mara ya kwanza. Ulikuwa wangu, halafu ukawa si wangu. Ukawa mweupe, kisha ukaingia rangi ya zambarau, na maumivu yake yalinifanya niume shuka langu la sokoni. Stenti ilikuwa imeziba.

Wodi ni ile ile. Sista Agripina ni yule yule. Daktari Hiren alijaribu waya tena, haukupita. Alikuja akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo madaktari hawafanyi, akasema, "Mama, nimeshindwa." Daktari Ndolo akaja baadaye na wanafunzi wake. Akaweka kwenye wayo kile kimashine kidogo cha kusikiliza damu. Kwenye mguu wa kushoto kilisema shwaa, shwaa. Kwenye wa kulia kilikuwa kimya. Alikisogeza, akakisogeza, kikanong'ona mahali pamoja tu, kando ya kifundo.

Akasema mbele ya watoto wangu, "Kuna mshipa mmoja chini bado unasikika. Naweza kujaribu baipasi mpaka pale. Lakini huenda ikashindikana, na mguu ukakatwa juu ya goti. Na huenda moyo wake usivumilie muda wote wa kazi. Kukata ni kwepesi zaidi kwa moyo. Ongeeni kama familia. Msichelewe."

Fanice alikwenda kwenye kibanda cha simu akapiga simu ya duka la kijijini kwetu, Jairo aitwe. Sasa simu za siku zile unajua. Unapiga kelele, upande wa pili wanasikia nusu. Jairo alisikia "mguu" na akasikia "kukatwa". Na Jairo alikuwa mtu wa kupanga mambo. Kwetu mguu wa mtu hautupwi. Kiungo kikikatwa hurudishwa nyumbani, kizikwe bomani, mwenyewe akifuata siku yake awe karibu nacho. Kwa hiyo kabla ya kupanda basi, Jairo aliita vijana wakachimba shimo dogo kando ya kaburi la Eliakimu.

Aliniambia hivyo mwenyewe, kwa upole, amenishika mkono, akidhani ananifariji.

"Shemeji, usiwe na wasiwasi wa kitu chochote. Mahali pako pako tayari."

"Mahali pangu pa nini?"

"Pa mguu. Vijana wamechimba. Pazuri, karibu na kaka."

Fanice akafunika mdomo. Wycliffe akasema, "Baba mdogo, haki ya nani!"

"Sasa nimekosea nini? Wamesema unakatwa."

"Wamesema huenda," Fanice akajibu.

Nikamwambia, "Jairo, rudi ukafukie."

Alitikisa kichwa. Na hakuwa anafanya ukaidi, alikuwa na huzuni kweli. "Unajua siwezi. Shimo likishachimbwa pale halifukiwi tupu. Likikaa wazi litamwita mtu. Kuna watoto katika boma lile, shemeji. Tena wewe umesikia daktari. Kisu cha kushona kinaweza kukuua. Kukata utabaki nasi. Nimemzika kaka yangu. Wewe sitaki kukuzika kwa ajili ya mguu."

Hapo wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Na nikaona watoto wangu wanaanza kuinama upande wake. Wycliffe alianza kulia. Akasema, "Mama, kubali tu. Nitakubeba. Nilikubeba mpaka hapa." Fanice alinitazama tu, na katika macho yake niliona keshachoka kuwa na matumaini. Nisiwadanganye wanaosoma, siku hiyo niliwachukia wote watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na baya.

Bi Zuhura siku hiyo alikuwa amekuja kliniki, akapanda kunisalimu. Aliingia na fimbo yake, anatembea kwa miguu yake miwili. Pole pole, lakini anatembea. Uvimbe umepungua, makovu yamekuwa ya kahawia. Aliposikia habari ya shimo alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Hata sisi tunazika kiungo, mzee wangu," akamwambia Jairo. "Lakini tunangoja kitoke kwanza."

Jairo akasema, "Mama, usinicheke."

"Sikucheki. Nakuuliza. Huu mguu unaogopa nini, kisu au shimo lako?"

Mimi niliutazama mguu. Ulikuwa na rangi ya bilinganya na vidole viwili vimeanza kukauka. Nikafikiri, ukikatwa nitaishi nikijua kipande changu kiko chini kinaningoja, na kila nikienda nyumbani nitapalilia juu yake. Kuna watu wanaweza. Mimi siwezi. Nikasema Daktari Ndolo aitwe.

"Daktari, jaribu kushona. Ukishindwa, kata, sitakulaumu. Moyo ukisimama, uache."

Halafu nikamwambia Jairo, "Na wewe zika mgomba. Si mtu akipotea asionekane tunazika mgomba badala yake? Basi mguu wangu umepotea. Zika mgomba, watoto wawe salama."

Aliondoka bila kuaga. Wycliffe akadhani amekasirika. Kumbe alikwenda kwenye kibanda cha simu.

Nilitia sahihi kwa mkono wangu. Asubuhi walinisukuma thieta, Fanice akishika chuma cha kitanda mpaka mlango ukamzuia. Nusukaputi sikumbuki. Nakumbuka kuamka nikiwa sijui kama nina mguu, na nikiogopa kutazama. Nilimwambia Sista Agripina, "Usiniambie. Weka kile kimashine." Akaweka. Shwaa, shwaa, shwaa. Ilikuwa sauti mbaya kama ya bomba linalovuja, na sijasikia kwaya iliyoizidi.

Lakini msifikiri ndio mwisho. Baada ya baipasi ndipo niliteseka kuliko kabla. Kinena kilifanya usaha, wakakifungua, kikaachwa wazi kipone kutoka ndani, na kila kubadilisha bendeji nilikuwa nashika chuma cha kitanda. Mguu wa kushoto, ule mzima aliousikitikia Jairo, ulivimba na mpaka leo huvimba jioni. Ganzi ya upande wa ndani wa goti haijaondoka. Vidole viwili vilikauka kabisa vikakatwa baadaye, na hivyo sikumwambia Jairo mpaka vimekwisha kuchukuliwa. Mvua ndefu yote niliitazama kupitia dirisha la wodi. Fanice alipoteza kazi kwa kuja kunitazama hospitali. Mke wa Wycliffe, Rispa, alichoka kunifulia, na akasema, na alikuwa na haki ya kusema. Nilirudi nyumbani mtu mwingine, mdogo, mwenye hasira.

Bi Zuhura alikufa msimu wa baridi uliofuata. Moyo. Walipomwosha, binti yake Mwanaidi aliniambia, mguu wake ulikuwa na joto mpaka mwisho. Yule Berita niliyemshauri waya, wake ulidumu. Alikuwa anatembea nao mpaka alipohamia kwa mwanawe Tassia. Kwa hiyo ukiniuliza ipi afadhali, jibu langu ndilo hilo: waya ulinipa msimu mmoja mtamu, kisu kilinipa mguu na kikachukua mengine. Muulize daktari mahali palipoziba ni wapi, urefu wake, na moyo wako ukoje. Uliza kabla mguu haujawa mweusi. Na uache sigara, moto ndani au moto nje.

Jairo alitangulia. Nilikwenda kumzika, natembea kwa fimbo kutoka barabarani mpaka bomani, Wycliffe nyuma yangu mikono imenyooshwa kama anayefuata mtoto. Kaburi lake lilichimbwa upande wa pili wa Eliakimu. Upande huu kulikuwa na kituta kidogo, na mgomba waliouzika ulikuwa umetoa vichipukizi, hakuna aliyethubutu kuvikata. Nilisimama pale, si kwa mguu kukaza. Nilisimama tu.

Yote haya nimeyaandika kama ninavyoyakumbuka. Majina nina hakika nayo. Maneno sina hakika yote. Fanice anashikilia kwamba si mimi niliyesema habari ya mgomba, kwamba ni Jairo mwenyewe aliyesema, akiwa mlangoni amenipa mgongo, na kwamba mimi nilikuwa nalia tu. Wycliffe hakumbuki, alikuwa anatazama dari. Sista Agripina, popote ulipo, au wewe uliyelala wodi ile siku hiyo ukasikia: kama ni Jairo aliyesema, niambieni. Nisingependa kumnyang'anya mtu neno lililoniachia mguu.